Mvua ikiharibu mulima muzima: kese ya MUSO na asiransi ya walimaji

Katika vijiji vingi vya Kivu, mulimaji akipatwa na shida, mulango wa kwanza anabisha si wa benki. Ni wa MUSO, kile kikundi cha mushikamano chenye kese tatu. Kese ya kijani ni akiba: kila memba anaweka yake, na mwenye kuhitaji anakopa na kurudisha na faida kidogo. Kese nyekundu ni ya msaada: mutu akifiwa, akilazwa hospitali ao nyumba yake ikiungua, anapewa na harudishi. Kese ya buluu inapokea feza ya inje, kama vile mukopo wa benki ao wa koperative.

Kese nyekundu inafanya kazi muzuri sababu shida inapiga mutu mumoja, wengine wamesimama. Mvua ya mawe haifanye vile. Inashuka ku mulima muzima, na maharagi ya memba wote yanalala chini siku moja. Tarehe 4 Mei 2023, mito ilifurika katika teritware ya Kalehe. Bushushu na Nyamukubi zikafunikwa na maji, mawe na matope, watu zaidi ya 400 wakakufa, na mashamba yakaenda pamoja na nyumba. Kikundi ambacho memba wake wote wanakaa pale, nani angemuchangia nani?

Kazi ya asiransi, ao bima, ni ile ile ya kese nyekundu, ila inapanua eneo. Tuseme walimaji wa Kalehe, wa bonde la Ruzizi, wa Beni na wa Ituri wanalipa kidogo kidogo kila msimu: mwaka ambao Kalehe imeharibika, feza ya wengine ndiyo inawalipa.

Lakini kutuma mutu apime kila shamba la nusu hekta kungekula feza yote. Ndiyo maana walimaji wadogo wanapewa mara nyingi asiransi ya kipimo. Wanapatana tangu mwanzo juu ya kiasi cha mvua na siku zake. Kipimo ao setilaiti ikionyesha jua limezidi, wote wa eneo lile wanalipwa bila mutu kuja kuangalia shamba. Ubaya wake uko wazi: mvua ya Kivu inaweza kunyesha huku na kuacha mulima wa ngambo, na mwenye kupoteza mavuno akakosa feza sababu kipimo kilikuwa mbali. Mvua ya mawe ao ugonjwa wa mihogo, kipimo cha mvua hakiione hata kidogo.

Mukopo nao una shida ya kalenda. Anayekopa mwezi wa tisa kwa msimu A anavuna kuelekea mwezi wa kwanza. Akiombwa kuanza kurudisha mwezi wa kumi, analipa na nini? Anauza mbuzi, ao anakopa fasi ingine. Unaofaa ni mukopo wa kurudisha mara moja kisha mavuno. Asiransi ikifungwa juu yake, mvua ikikosa, asiransi inalipa deni na mulimaji anabaki na shamba lake.

Kisheria mulango uko wazi. Sheria namba 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015 ilimaliza SONAS kuwa peke yake katika asiransi, na mwaka 2019 kampuni za kwanza za watu binafsi zikapata ruhusa ya ARCA. Shida kubwa ni malipo. Ngambo ya Ruzizi, Rwanda ilianzisha mupango wake mwaka 2019, na serkali inamulipia mulimaji 40%. Bila mukono kama huo, mulimaji wa Walungu anayeuza maharagi yangali shambani juu ya minervale ya watoto hatalipia kitu asichokishika.

Mbele ya kutia sahihi, kikundi kiulize: kipimo cha mvua kiko wapi? Hasara gani hailipwe? Feza inafika kisha siku ngapi, kwa simu ao kwa mukono? Kampuni ina karatasi ya ARCA? Wakala akishindwa kujibu ulizo la kwanza, kese nyekundu ibaki na feza yake.