Gumegume Ruhusa, Bunduki Marufuku

Mwaka 1888 Kanali Charles Euan-Smith, balozi wa Uingereza Unguja, aliiarifu serikali yake kwamba bunduki za kila aina, baina ya 80,000 na 100,000 kwa mwaka, zilikuwa zikipita kisiwani kuelekea bara. Hesabu hiyo ilikuwa ya kukisia, na balozi hakukosa sababu za kutaka isomeke kubwa. Walakini hata ikikatwa nusu, iliyobaki yatosha kutisha. Unguja ya karne ile hutajwa kwa karafuu, kwa pembe na kwa watumwa. Ni nadra kutajwa kwamba penye forodha ileile kulikuwa na shehena ya chuma na baruti iliyolipiwa ushuru kama jora la marekani.

Chemchemi ya shehena hiyo ilikuwa Ulaya. Majeshi ya huko yalikuwa katika mashindano ya kubadili silaha: Ufaransa ilitoka kwenye Chassepot ikaingia Gras mwaka 1874, kisha ikaitupa Gras kwa ajili ya Lebel mwaka 1886, Uingereza ikaiacha Snider kwa Martini-Henry mwaka 1871, na Martini-Henry nayo ikaanza kupishwa na Lee-Metford mwaka 1888. Kila mageuzi yaliacha maghala yamejaa bunduki nzima zisizotakiwa tena. Wafanyabiashara walizinunua kwa bei ya chuma chakavu na kuzitafutia soko mbali. Silaha iliyozeeka Paris ilikuwa bado mpya Tabora.

Yaliyofuata bara yanajulikana. Mwenye bunduki alimteka asiyekuwa nayo, na asiyekuwa nayo alitafuta pembe au watu ili anunue yake. Wako wanaopenda kuisimulia biashara hiyo kana kwamba ilikuwa ngao ya Mwafrika dhidi ya mkoloni. Kwa wachache ilikuwa hivyo. Kwa vijiji vya kandokando ya Ziwa Nyasa, mtutu wa bunduki ulikuwa kwanza mlango wa utumwa, na historia isiyolisema hilo haiwatendei haki waliofungwa minyororo.

Tarehe 2 Desemba 1888 manowari za Kijerumani na za Kiingereza zilianza kuizingira pwani. Sababu iliyotangazwa ilikuwa kuzuia watumwa wasitoke na silaha zisiingie. Sababu ya pili, ambayo haikuhitaji kutangazwa, ilikuwa vita vya Abushiri bin Salim vilivyokuwa vimewaka tangu Agosti katika miji ya mrima. Seyyid Khalifa bin Said aliridhia, kama mtu anavyoridhia akiwa amezungukwa. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Mwezi mmoja kabla yake, wajumbe wa mataifa walikuwa wamekwisha kuketi Brussels.

Mkataba uliotiwa saini huko tarehe 2 Julai 1890 ulikuwa na pande 17, na Unguja ilihesabiwa miongoni mwao. Vifungu vyake kuhusu silaha vyafaa kusomwa polepole. Vilichora ukanda kutoka nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini, kutoka Atlantiki hadi Bahari ya Hindi, pamoja na visiwa vilivyo ndani ya maili 100 za pwani. Unguja, Pemba, Mafia na Lamu vyote vilimo. Ndani ya ukanda huo ilikatazwa kuingiza bunduki, hasa zile zenye mifuo ndani ya mtutu na zile za kisasa, pamoja na risasi zake. Silaha zinazofika zitiwe katika ghala la serikali, zipigwe chapa, na asitoe mtu bila ya idhini.

Kisha kikaja kifungu cha kulegeza. Bunduki za gumegume zenye mitutu laini, na baruti ya kawaida ya biashara, ziliweza kuuzwa kwa kibali. Na majeshi ya serikali zenyewe hayakuguswa na marufuku hayo hata kidogo. Hapo ndipo ulipofungwa ukurasa mmoja na kufunguliwa mwingine: Mwafrika aachiwe silaha ya babu yake, na anayekuja kumtawala aje na Maxim. Katika mkutano ule Afrika ilikuwa ndiyo mada, lakini hakuna aliyewauliza watu wa bara walikokwenda kupangiwa silaha. Miaka kumi na mitano baadaye, tarehe 30 Agosti 1905, wapiganaji wa Maji Maji waliishambulia boma ya Mahenge wakiwa na mikuki na magobori, wakapokewa na bunduki mbili za mfululizo. Tofauti baina ya pande mbili zile ilikuwa imekwisha kuandikwa Brussels, kwa Kifaransa fasaha.

Je, sheria ilizuia? Ilizuia palipokuwa na dola ya kuisimamia na yenye faida ya kuisimamia. Charles Stokes, Mu-Airishi aliyekuja kama mtu wa misheni mwaka 1878 kisha akageuka mfanyabiashara wa pembe na silaha, mwenye mke wa Kinyamwezi na misafara mikubwa, alikamatwa katika Dola Huru ya Kongo, akahukumiwa usiku na kunyongwa Januari 1895 kwa amri ya Kapteni Lothaire. Kosa alilosingiziwa au alilolitenda lilikuwa kuwauzia bunduki mahasimu wa dola hiyo. Uingereza ilikasirika kwa kuwa raia wake alinyimwa rufaa. Lothaire alishitakiwa Boma, kisha Brussels, na mara zote mbili akaachiliwa. Wakati huohuo bunduki za Kizungu zilikuwa zikimfikia Menelik kwa njia ya Djibouti, na Machi 1896 Waitaliani walizisikia sauti zake Adwa.

Mlango mkubwa zaidi uliachwa wazi kaskazini. Maskati iko nje ya ukanda uliochorwa, na haikutia saini. Katika miaka ya 1890 biashara ikahamia huko, na kutoka huko majahazi yakaipeleka hadi pwani ya Mekran na mipaka ya Afghanistan. Waingereza walipotaka kuizima walikutana na karatasi ya zamani: mkataba wa biashara ambao Seyyid Said aliufunga na Ufaransa hapahapa Unguja tarehe 17 Novemba 1844, uliowahakikishia Wafaransa uhuru wa kufanya biashara katika milki zake. Paris iling'ang'ania mkataba huo kwa miaka mingi. Neno ushawishi halikuwa limepata maana yake ya leo, lakini kazi yenyewe ilikuwa ndiyo hiyo: wauzaji wachache, kila mara wakiwa na waziri wa kuwasemea. Wala Uingereza haikuwa na mikono mitupu, maana sehemu kubwa ya shehena za mwanzo za Maskati ilitoka kwenye viwanda vyake.

Mashuhuri katika wauzaji hao alikuwa Antonin Goguyer. Mpenzi wa lugha atashtuka kidogo akilisikia jina hilo, kwani ndiye aliyeifasiri kwa Kifaransa Alfiyya ya Ibn Malik, yale mashairi elfu ya nahau ambayo wanafunzi wa pwani wameyahifadhi kwa vizazi, na tafsiri yake ikachapishwa Beirut mwaka 1888. Mtu aliyeipima kwa subira nafasi ya kila irabu aliishia kuhesabu makasha ya risasi, na alifia Maskati mwaka 1909. Huenda hakuona mgongano wowote baina ya kazi hizo mbili. Elimu haijapata kuwa kinga ya jambo hilo.

Mwaka 1912 Sultani Faisal bin Turki alikubali kuweka ghala la silaha Maskati, na Waingereza wakamfidia rupia 100,000 kwa mwaka. Makabila ya bara ya Omani yaliona kwamba sultani ameuza silaha zao. Hilo halikuwa lalamiko lao la pekee, lakini lilikuwa kubwa. Mei 1913 walimchagua Imamu Salim bin Rashid al-Kharusi na kuinuka dhidi ya Maskati. Ufaransa nayo iliridhia kanuni za ghala mwaka 1914, baada ya wafanyabiashara wake kufidiwa.

Julai 2001 Umoja wa Mataifa uliitisha New York mkutano wa silaha ndogo ndogo, na safari hii Waafrika walikuwemo ukumbini. Walitaka mauzo ya silaha kwa makundi yasiyo ya dola yapigwe marufuku, kwani ndiyo yaliyokuwa yakiwaua. Marekani ilikataa, pamoja na kukataa neno lolote la kudhibiti silaha mikononi mwa raia; chama cha bunduki cha huko, NRA, kilichoasisiwa mwaka 1871 kufundisha shabaha, kilikuwa kimekwisha kuwa nguvu ambayo wanasiasa wake hawakuthubutu kuiudhi. Vipengele vyote viwili vikaondolewa. Mwenyekiti, Camilo Reyes wa Kolombia, alieleza wazi masikitiko yake kwamba nchi moja imezuia walichokitaka wengine.

Waafrika wa mashariki wakaandika yao wenyewe. Itifaki ya Nairobi, iliyotiwa saini tarehe 21 Aprili 2004, inamkataza raia kumiliki bunduki za mfululizo na za kujipakia zenyewe, na inaagiza kila silaha ipigwe chapa, kama alivyotakiwa kufanya mwenye ghala la Unguja mwaka 1890. Safari hii majeshi yenyewe nayo hayakusamehewa: silaha za dola nazo ziwe na alama.