Anna Abdallah ni 'mke wa Spika' tu?

Leo tumwongelee mama wa huku kwetu kusini, Anna Abdallah. Ukimtaja mbele ya vijana wa rika letu, jibu huwa lile lile: "Si yule mke wa Msekwa?" Ndiyo, ndiye. Pius Msekwa alikuwa Spika wa Bunge kuanzia 1994 hadi 2005. Lakini hebu turudi nyuma kidogo.

Mama Anna alizaliwa 1940. Miaka ya 1970 alikuwa miongoni mwa wanawake wa mwanzo kupewa ukuu wa mkoa. Enzi za chama kimoja, mkuu wa mkoa alikuwa mbunge kwa cheo chake. Kwa hiyo alishalizoea Bunge kabla Msekwa hajakalia kiti cha Spika. Hata vile viti 15 maalumu vya wanawake vilikuja baadaye, uchaguzi wa 1985.

Mwaka 1995 Rais Mkapa akampa Wizara ya Ujenzi, naibu wake akiwa John Magufuli. Mwaka 2000 akahamia Afya. Sasa piga picha: mke ni waziri, anajibu maswali ya wabunge, mume ndiye anayeongoza kikao. Bunge linatakiwa kuibana serikali, kwa hiyo ni haki kabisa kuhoji nyumba moja kuwa pande zote mbili.

Ila mwaka 2005 Msekwa alishindwa na Samuel Sitta, uspika ukaisha. Mama je? Akabaki bungeni hadi 2015, na UWT akaiongoza mpaka 2008.

Baadaye akawa Mwenyekiti wa Bodi ya Korosho, na korosho ndiyo ada ya shule na bati la nyumba kwa watu wa Mtwara. Novemba 2018, katikati ya mgogoro wa bei, bodi ilivunjwa na uteuzi wake ukatenguliwa. Aliyeivunja? Rais Magufuli, yule yule naibu wake wa zamani!

Hoja yangu ni hii. Tukimwita mke wa fulani tu, tunamnyima sifa ya aliyoyafanya, na pia tunamwondolea maswali anayostahili kuulizwa. Mkulima wa korosho hana haja ya kujua mume wa mwenyekiti ni nani. Anataka kujua bodi ilimfanyia nini.

Nyie mnasemaje, wadau?