Usanifu Majengo wa Kienyeji

Kujenga kwa kufuata maarifa ya watu wa mahali kuna majina matatu katika Kiswahili: usanifu majengo wa jadi, wa asili na wa kienyeji. Nashika la tatu. "Jadi" linaiacha nyumba mikononi mwa mababu, kana kwamba wajukuu hawana la kuongeza, na "asili" linaelekea misituni. "Kienyeji" lina mwenyeji ndani yake: mtu anayejua mvua hupiga kutoka upande gani, udongo wa wapi hushika, na nani atalala chumba kipi. Najua kwamba kwa wengi kazi ya kienyeji ni kazi iliyofanywa bila utaalamu. Lakini kuku wa kienyeji naye aliwahi kudharauliwa, na leo sokoni bei yake inaipita ya kuku wa kisasa.

Mkoa wa Songwe nchini Tanzania, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, unaonyesha kazi ya istilahi hii. Itumba, wilayani Ileje, Juni na Julai watu huamka na makoti. Ukiteremka Kamsamba, wilayani Momba, kwenye bonde la Ziwa Rukwa, joto linakukimbiza ndani na ndani nako hakukaliki. Hata hivyo ramani inayojengwa huku na kule ni ileile: vyumba vitatu, sebule, bati juu. Kamsamba bati hilo linachoma mchana kutwa. Itumba linaingiza baridi usiku kucha, na shuleni mvua ikikolea juu ya bati mwalimu husitisha somo kwa sababu hasikiki.

Misonge ya zamani ya Wanyiha na Wanyamwanga ilijengwa kwa hesabu. Nguzo zilichimbiwa kwa duara, zikafungwa fito, ukuta ukakandikwa udongo na kusiribwa. Juu yake zikaja nyasi nene za kutunza joto la moto wa jioni. Ila kiungo ninachokistahi zaidi ni upenu. Paa lilivuka ukuta likashuka, matone yakaanguka mbali na udongo, na chini yake pakapatikana mahali pakavu pa kuweka kuni na kukaa. Kuta nyingi za udongo zinazomomonyoka leo zimeezekwa bati lililokatwa karibu sawa na ukuta, ili kubana gharama.

Sitaki kuzipamba nyumba hizo. Zilijaa moshi, mchwa walikula nguzo, na nyasi zilitaka kubadilishwa mara kwa mara. Kazi hiyo iliwezekana kwa ujima: majirani walialikwa, pombe ikaandaliwa, paa likapanda. Wafilipino wana desturi kama hiyo, bayanihan, ambapo watu wa kijiji huibeba nyumba nzima ya mianzi, bahay kubo, mabegani na kuihamisha. Msanifu wao Francisco Mañosa aliichukua nyumba hiyo, iliyoinuliwa juu ya nguzo na yenye sakafu inayopitisha hewa, akaifanya mwalimu wa majengo mapya katika nchi ya mafuriko na joto.

Tunduma, mkoani humohumo, ina shida zake. Mji umekuzwa na mpaka: barabara kuu ya Zambia, reli ya TAZARA iliyokamilika mwaka 1975, na kituo cha pamoja cha mpakani cha Tunduma na Nakonde ya Zambia kilichozinduliwa mwaka 2019. Wengi wanaokuja kutafuta riziki hupanga chumba kimoja ndani ya uwanja wa pamoja. Jiko la mkaa hukaa mlangoni; mvua ikinyesha linaingizwa ndani, karibu na godoro la watoto. Tofali la kuchoma nalo, ambalo watu wengi wanalihesabu kuwa ndiyo nyumba bora, linakula kuni, na mashimo ulikochimbwa udongo hubaki yakituamisha maji na kuzalisha mbu.

Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi ulieneza matofali ya kufungamana: udongo wa palepale, saruji kidogo, mashine ya kushindilia, kisha kivuli na unyevu badala ya tanuru. Burkina Faso, kijijini Gando, msanifu Francis Kéré alijenga shule ya matofali ya udongo wa namna hiyo iliyokamilika mwaka 2001. Wanakijiji walishiriki kazi wenyewe, na bati likainuliwa juu ya dari ili upepo upite katikati. Mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker ya usanifu majengo. Paa kama lile lingewafaa sana watu wa Kamsamba.

Lakini udongo peke yake hautoshi. Miaka ya 1940 msanifu Hassan Fathy wa Misri alijenga kijiji cha udongo karibu na Luxor, kizuri kweli, na wengi waliojengewa wakakataa kuhamia; riziki yao ilikuwa katika kijiji cha zamani. Mwenyeji alikosekana tangu mwanzo wa mpango. Ndiyo maana siwezi kuita usanifu wa kienyeji banda la nyasi lililobandikwa mbele ya baa ya hoteli.

Tunduma ningeanza na upenu. Safu ya vyumba vya kupanga ikiongezewa mbele paa la mita moja na nusu juu ya nguzo chache, mpangaji anapata pa kupikia mvua ikinyesha, ukuta unakaa mkavu, na watoto wanalala mbali na mkaa. Mwenye nyumba ataongeza bati na mbao kidogo tu, na fundi yeyote wa mjini hapo anajua kupaua.