Nani Atoe Sababu?

Mwaka 1884 Mahakama ya Juu ya jimbo la Tennessee ilitamka kwamba mwajiri anaweza kumwachisha mtu kazi kwa sababu njema, kwa sababu mbaya, au bila sababu yoyote. Kanuni hiyo bado ndiyo msingi wa ajira binafsi karibu Marekani nzima. Kati ya majimbo yote, Montana peke yake, kwa sheria ya 1987, humtaka mwajiri awe na sababu ya msingi muda wa majaribio ukishapita.

Watetezi wa kanuni hiyo ya Tennessee husema pande zote zina uhuru sawa, kwani mfanyakazi naye huondoka siku atakayo. Usawa huo siuoni. Anayeondoka humwachia mwajiri nafasi ya kujaza. Anayefukuzwa hupoteza mshahara, na mara nyingi bima ya afya ya familia yake, maana Wamarekani wengi huipata kupitia kazi. Kweli, tangu 1964 sheria inakataza kumfukuza mtu kwa rangi, dini, jinsia au asili yake. Lakini aliyefukuzwa ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba alionewa kwa mojawapo ya hayo. Bosi akikutoa ili ampe kazi mpwa wake, kwa kawaida huna pa kushtaki.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya 2004, inaanzia upande wa pili. Kifungu cha 37 kinadai sababu halali na utaratibu wa haki. Mzigo wa kuthibitisha ni wa mwajiri. Aliyeachishwa ana siku 30 kufungua mgogoro CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ninachokithamini zaidi ni huo utaratibu: hata anayetuhumiwa wizi husomewa tuhuma na kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa.

Najua wengi hawafikiwi. Aliyefanya kazi chini ya miezi sita hana kinga hiyo, na kondakta wa daladala asiye na mkataba huambiwa jioni kwamba kesho asije. Ila kondakta huyo, akishapita miezi hiyo, ana sheria ya kudai itekelezwe. Mwenzake wa Marekani akienda kwa wakili ataelezwa kwamba sheria imefuatwa, labda awe na chama cha wafanyakazi chenye mkataba unaodai sababu. Huko wenye vyama ni takriban mmoja tu kati ya kumi.