Vazi la Chuma: Historia Fupi ya Mng'ao wa Gita Letu la Besi



Kamati ya jubilei ilipokaa kupanga sherehe hii, lilitolewa pendekezo zuri: kwa kuwa ni jubilei ya dhahabu, vyuma vyote vya gita letu kongwe la besi vipakwe rangi ya dhahabu. Ni kweli vimepoteza mng'ao. Funguo za kukazia nyuzi zina madoa, na daraja, kile chuma cha chini kinachoshika nyuzi, lina kutu pale mkono wa mpigaji unapotua. Mimi ninayelitunza gita hilo nilitumwa kutafuta fundi. Kabla ya kumtafuta nilisoma historia ya vyuma hivi, nayo ilinibadilisha mawazo.

Mng'ao wa chuma cha gita si urembo tu. Ni vazi. Jasho la mkono lina chumvi, na chumvi ni adui wa chuma. Ndugu zetu wa Pwani wanaijua hasara hii zaidi, maana hata upepo wao una chumvi.

Vazi hili lilianzia Italia. Mwaka 1800 Alessandro Volta alitangaza betri yake ya kwanza. Miaka mitano baadaye Luigi Brugnatelli alitumia umeme wa betri ya namna hiyo kuzivisha medali za fedha tabaka la dhahabu. Kifaa huchovywa katika maji yenye madini yaliyoyeyuka, umeme hupitishwa, na madini hujishika juu yake kidogo kidogo. Mwaka 1840 akina Elkington wa Birmingham, Uingereza, walipata hataza ya kuvisha dhahabu na fedha kwa njia hii. Mwaka 1869 Isaac Adams wa Boston, Marekani, alipata hataza ya kuvisha nikeli.

Nikeli hukinga vizuri, ila hufifia. Katika miaka ya 1920 Colin Fink na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, waliiwezesha kromu kutumika viwandani. Kromu ni ngumu na hung'aa kwa muda mrefu, lakini tabaka lake huwa jembamba mno, chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Kazi kubwa ya kuzuia kutu hufanywa na nikeli iliyo chini yake. Inayoonekana ni kromu, inayobeba mzigo ni nikeli. Waimbaji wa sauti ya nne watanielewa.

Mwaka 1951 Leo Fender wa California alipotoa gita la besi aliloliita Precision, daraja lake lilikuwa na kifuniko cha kromu. Wapigaji wengi walikitoa kwa sababu kilizuia mkono. Mwaka 1954 Gibson walitoa gita la Les Paul Custom, jeusi, lenye vyuma vilivyovishwa dhahabu. Lilipendeza sana, lakini dhahabu ni laini, na mkono huila upesi kuliko kromu.

Baadaye ikaja rangi ya unga. Njia hii ilianzia Ujerumani katika miaka ya 1950, kwa kazi ya Erwin Gemmer. Unga hushikamana na chuma, kisha chuma huingizwa kwenye tanuri la joto la karibu nyuzi 200, unga ukayeyuka na kuwa ngozi ngumu ya rangi yoyote utakayo. Madirisha mengi ya aluminiamu mjini hupakwa hivyo, na vyuma vya gita pia huweza kupakwa.

Hapo ndipo niliposita. Ngozi ya unga ni nene mara nyingi kuliko kromu. Ikiingia kwenye meno ya funguo, funguo hukwama. Tena haipitishi umeme. Katika gita la umeme kuna waya mwembamba unaogusa daraja kwa chini ili kutuliza mngurumo. Daraja likipakwa lote, waya unagusa rangi badala ya chuma, na spika huanza kunguruma kila kwaya inaponyamaza. Fundi anayeijua kazi huacha sehemu ya waya bila rangi, na hatii tanurini kitu chenye plastiki. Kuvisha kromu upya nako si kazi ya nyuma ya nyumba, kwani kemikali yake huleta saratani.

Kuna jambo jingine. Ile kutu ya darajani iko mahali walipoweka mikono wapigaji wote walionitangulia, na baadhi yao wameshalala. Sikuona vyema kuifunika alama yao kwa rangi katika mwaka wa kuwakumbuka.

Kamati ilinisikiliza, tukaelewana. Daraja na funguo zimesafishwa tu, zikapakwa mafuta kidogo. Kile kifuniko cha daraja, kilichokaa kabatini miaka mingi, ndicho kilichopakwa unga wa rangi ya dhahabu. Hakibebi uzi wala waya. Leo kimerudi mahali pake, mtakiona kiking'aa.

Kwa vijana mtakaolishika gita hili baada yetu, ombi langu ni moja: kila mazoezi yakiisha, futeni nyuzi na vyuma kwa kitambaa kikavu. Hakuna vazi la chuma lililowahi kubuniwa linaloshinda kitambaa hicho.