Unyevunyevu: Sifa kwa udongo, hatari kwa mahindi

Unyevunyevu ni hali ya kitu kuwa na majimaji kidogo, kisiwe kimekauka wala kulowa. Neno hili limejengwa kutokana na shina -nyevu, na kurudiwa kwa shina hapa hupunguza nguvu ya maana, kama tuonavyo katika maji na majimaji. Kitu kilichorowa kabisa husemwa kimerowa chepechepe. Chenye unyevunyevu hakidondoshi tone, lakini mkono hukihisi. Na godoro au ukuta wa namna hiyo hauna kasoro machoni mpaka uvundo uanze kunuka.

Neno rutuba, ambalo kwa Kiarabu lina maana hiyohiyo ya unyevu, Waswahili wamelielekeza zaidi kwenye udongo unaostawisha mimea. Si ajabu. Katika nchi kame kama Kitui na Makueni, udongo wenye unyevu ni neema.

Kwenye nafaka mambo ni kinyume. Kufikia Julai 2004, watu 317 walikuwa wameorodheshwa kuugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu, yaani aflatoksini, na 125 kati yao walifariki. Wengi walitoka wilaya za Makueni na Kitui, kama zilivyoitwa wakati huo. Sumu hiyo hutokana na kuvu aina ya Aspergillus flavus na huharibu ini, kupika hakuiondoi. Uchunguzi ulionyesha kwamba hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa waliohifadhi mahindi ndani ya nyumba yakiwa bado na unyevunyevu.

Hapo uteuzi wa neno una uzito. Baadhi ya maelezo kwa wakulima huonya dhidi ya kuhifadhi "mahindi mabichi", ilhali kwa msomaji wa kawaida mabichi ni yale ya kuchoma au kuchemsha, ambayo hakuna anayeyatia guniani. Yanayoua ni yale yaonekanayo makavu. Afadhali isemwe waziwazi: mahindi yenye unyevunyevu, yaani yaliyozidi asilimia 13.5 ya unyevu.

Asiye na kipimo hutia mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, akatikisa na kuiacha kwa dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15. Isiponata, mahindi huenda bado yakahitaji jua, kwani kati ya 13.5 na 15 chumvi haisemi kitu.