Nani Alikuwa Anamwangalia? Historia ya Chekechea na Hofu ya Wazazi

Kila nchi ya ukanda wetu ina jina lake la shule ya watoto wadogo. Watanzania husema chekechea, na wazee wao bado husema shule ya vidudu. Wakenya husema nasari. Sisi Wanyarwanda tunasema ishuri ry'incuke, yaani shule ya watoto walioachishwa ziwa. Jina hili la kwetu linanivutia kwa sababu halitaji kusoma, kuandika wala kucheza. Linataja kuachana. Mtoto ametoka kifuani mwa mama na sasa yuko mikononi mwa mtu mwingine, na mzazi yeyote atauliza: huyo mtu mwingine anamwangalia kweli?

Vitabu vingi vya historia ya elimu huanza na falsafa. Huanza na Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyebuni jina la "bustani ya watoto" mwaka 1840, kisha hueleza nadharia za mchezo na za akili ya mtoto. Hayo yote ni kweli, ila naona yanaingia kwa mlango wa nyuma. Shule nyingi za mwanzo hazikufunguliwa kwa sababu mtu fulani alikuwa na nadharia. Zilifunguliwa kwa sababu mama alikwenda kazini, na mtoto aliyebaki nyumbani angeweza kuungua, kuanguka au kupotea.

Tuanze na kiwanda cha pamba cha New Lanark, kule Scotland. Tarehe 1 Januari 1816 mwenye kiwanda, Robert Owen, alifungua jengo ambalo watoto wa wafanyakazi wake walipokelewa tangu walipoweza kutembea. Hakutafuta walimu wenye vyeti. Alimchukua James Buchanan, mfuma nguo ambaye kusoma kwenyewe kulimpa taabu, pamoja na msichana wa miaka 17 aliyeitwa Molly Young. Owen mwenyewe alieleza kwamba aliwachagua kwa subira yao na upendo wao kwa watoto. Aliwapa masharti machache tu. Wasimpige mtoto hata mara moja, wala wasimtishe. Na kila mtoto anayeingia aambiwe tangu siku ya kwanza kwamba asiwaumize wenzake, bali ajitahidi kuwafurahisha.

Sharti hilo la pili lilinishangaza nilipolisoma. Miaka mia mbili iliyopita mtu alikwisha kuona kwamba mtoto akiwekwa pamoja na watoto wengine thelathini, jeraha linaweza kutoka kwa mwenzake wa rika moja: anayeng'ata, anayekwaruza, anayesukuma ngazini.

Lakini watoto wengi wa wafanyakazi wa Uingereza hawakuwa na Owen. Waliachwa na dada zao wakubwa au na bibi kizee wa jirani aliyelipwa senti chache kuwatunza watoto wengi kwa wakati mmoja. Kulikuwa na dawa maarufu ya kuwatuliza watoto iliyoitwa Godfrey's Cordial, na ndani yake mlikuwa na afyuni. Mtoto aliyelala hakuanguka wala hakusogelea moto. Wengine hawakuamka tena.

Moto ndio uliowaogopesha watu zaidi, maana nyumba ziliota joto la makaa yaliyokuwa wazi. Sheria ya Watoto ya Uingereza ya mwaka 1908 iliweka adhabu kwa mtu mzima anayemwacha mtoto wa chini ya miaka 7 katika chumba chenye moto usiozuiwa, iwapo mtoto huyo atakufa au kuumia vibaya. Ninaiheshimu nia ya sheria hiyo, lakini ninaona ilimkamata mzazi kwanza na kuahirisha swali la nani atabaki na mtoto. Serikali za mitaa zilipewa ruhusa ya kugharimia shule za watoto wa miaka 2 hadi 5 miaka 10 baadaye, katika sheria ya elimu ya 1918. Nayo ilikuwa ruhusa tu, hazikulazimishwa.

Ufaransa walitangulia kidogo. Mwezi Novemba 1844, Firmin Marbeau alifungua kituo cha watoto wachanga katika mtaa wa Chaillot, Paris, kwa ajili ya akina mama maskini waliofanya kazi mbali na nyumbani. Mama aliyekuwa akinyonyesha alikuja kituoni kumnyonyesha mwanawe, na kwa hiyo alikuwa pia mkaguzi bila kuajiriwa: alimfungua nguo, akamwona mwili mzima, akajua.

Sasa nifike Roma, ambako nataka kukaa kidogo. Mtaa wa San Lorenzo ulikuwa wa wafanyakazi maskini. Kampuni moja ya majengo iliyoongozwa na mhandisi Edoardo Talamo ilikuwa imekarabati nyumba za kupanga humo. Wazazi walikwenda kazini asubuhi, na watoto wasiofikia umri wa shule walibaki peke yao. Walichora kuta, wakaharibu ngazi. Wenye nyumba walihesabu gharama ya matengenezo, wakaona ni nafuu kutenga chumba na kumlipa mtu awaangalie. Mtu waliyemwita kuongoza kazi hiyo alikuwa daktari Maria Montessori, na chumba kilifunguliwa tarehe 6 Januari 1907. Kwa hiyo shule maarufu kuliko zote za watoto wadogo ilianza kwa ajili ya kulinda rangi ya ukuta! Sisemi hivyo kwa dharau. Mambo mengi mema yameanza na hesabu ya fedha.

Kanuni za Nyumba hizo za Watoto zinasomeka hata leo. Wazazi hawakulipa chochote, lakini walikuwa na wajibu. Mtoto aletwe kwa wakati, akiwa msafi na amevaa aproni. Wazazi wamheshimu mlezi mkuu. Mara moja kwa juma, angalau, mama aweze kuzungumza na mlezi huyo kuhusu maisha ya mtoto nyumbani na kupokea ushauri. Palikuwa na mlezi mkuu, daktari na mhudumu. Kisha inakuja kanuni kali: mtoto anaweza kufukuzwa akija mchafu, au wazazi wake wakikosa adabu kwa wahusika wa shule.

Niliposoma kanuni hiyo ya mwisho nilikunja uso. Mama maskini anayeuliza kwa sauti ya juu kwa nini mwanawe ana nundu, je, amekosa adabu? Anayeamua ni yule yule anayeulizwa. Lakini Montessori aliweka pia mambo mawili yaliyolegeza ukali huo. Mlezi mkuu aliishi katika jengo lile lile la wapangaji, na akina mama waliweza kuingia chumbani saa yoyote ya mchana kutazama. Fikiria maana yake. Mlezi akizembea asubuhi, jioni atakutana ngazini na mama mwenye mtoto, na kesho tena, na keshokutwa. Kanuni ilidai heshima, na ngazi ikadai majibu.

Kwetu Gisenyi hatuna ngazi za Roma. Tulikuwa na ingobyi, mbeleko ya kumbebea mtoto mgongoni, na baadaye dada mkubwa au yaya. Wanawake wengi wa mji wetu huvuka mpaka mdogo, ule unaoitwa Petite Barrière, kwenda kuuza nyanya, maziwa na mboga Goma, kisha hurudi jioni. Mtoto anapokuwa mzito kwa mgongo, lazima abaki na mtu. Ndiyo maana swali hili si la vitabuni tu kwangu.

Dada yangu ni mmoja wa wanawake hao. Mwanawe alipofika miaka mitatu alimpeleka chekechea ya karibu na soko. Juma la pili mtoto alirudi na alama za meno mkononi. Siku chache baadaye alikuwa na nundu kwenye paji la uso, kubwa kama yai la kwale. Dada aliuliza, akajibiwa: "Sijui, labda aliangukia nyumbani." Mwalimu alikuwa mmoja na watoto zaidi ya arobaini. Geti lilifungwa asubuhi na kufunguliwa jioni, na wazazi walipokea watoto nje ya ukuta.

Dada alikaa nyumbani siku sita. Kwa mchuuzi, siku sita ni wateja waliokwisha kuzoea meza ya mwingine. Bibi yetu hakumwelewa kabisa. "Mjukuu wangu," alimwambia, "nyinyi nyote mlianguka, mkaungua, mkang'atana, na mmekua. Ni nundu tu." Dada alimjibu kwa upole, kama inavyompasa: "Ni kweli, Bibi, nundu itapona. Lakini mtu niliyemwachia mtoto ananiambia hajui."

Mimi niliwasikiliza wote wawili na naona kila mmoja ana historia upande wake. Bibi ana haki kuhusu vidonda. Mtoto asiyechubuka goti hajakimbia, na mwalimu anayetaka kusiwe na mchubuko hata mmoja atawakalisha watoto mkekani kutwa nzima, jambo ambalo si mbali sana na ile afyuni ya Uingereza. Lakini alichodai dada ni kile ambacho mama wa Chaillot alikipata kwa kunyonyesha na mama wa San Lorenzo alikipata kwa mlango usiofungwa. Bibi hakukihitaji kwa sababu aliyemwangalia mtoto wake alikuwa shangazi wa mtoto, na shangazi huulizwa wakati wa chakula cha jioni mbele ya watu wote.

Yaliyofuata hayakuwa makubwa. Wazazi kadhaa walikwenda pamoja kwa mwenye shule, bila kelele. Walikubaliana kuchanga fedha kidogo kila mwezi ili apatikane msaidizi wa pili, na pakawekwa daftari moja la kuandika kila kilichotokea: saa, mahali, nani alikuwepo, jeraha lilisafishwa na nini. Kung'atana hakukuisha. Watoto wa miaka mitatu hung'atana. Dada alirudi Goma.

Pwani ya Afrika Mashariki walikuwa wamefikiria jambo kama hili mapema, na kwa upana zaidi. Mwaka 1986, Mombasa, ulianza mpango wa chekechea zilizounganishwa na madrasa, kwa msaada wa Aga Khan Foundation, na Bi Swafiya Said akiwa miongoni mwa waanzilishi wake wakuu. Wazazi Waislamu walitaka watoto wao waingie shule ya msingi wakiwa wamejiandaa bila kuiacha dini yao. Mpango ulivuka ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Walimu wengi walikuwa wanawake wa mtaa ule ule, waliofunzwa kazi hiyo, na vifaa vya kuchezea vilitengenezwa kwa vitu vya kawaida kama vifuu na chupa. Kila shule ilikuwa na kamati ya watu wa mtaa, wazazi wakiwemo. Wasomi wameandika sana juu ya mtaala wa shule hizo. Mimi ninaitazama ile kamati, kwa sababu mwalimu anayejibu mbele ya majirani zake yuko karibu sana na yule mlezi wa Roma aliyekutana na akina mama ngazini.

Rwanda nasi, tangu sera ya malezi ya watoto wadogo ya mwaka 2011, tumeona vikizidi vituo vidogo vinavyofanyika katika nyumba za watu vijijini. Jirani anatoa ua wake, wazazi wanaleta unga wa uji na kuni, na walezi ni wazazi wenyewe wanaopokezana zamu. Havina bembea nzuri, na pengine mvua ikinyesha watoto wote hujazana chumba kimoja. Lakini anayemfunga kidonda mtoto wa mwenzake Jumatatu atamwacha wake kwa huyo mwenzake Jumatano.